Nilikwenda nchi za nje kuwasaidia yatima, nikawakuta wazazi wao wako hai

Mleta uzi

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu wa rika langu nawasalimu. Uzi huu ni mrefu, hivyo mwenye haraka auhifadhi ausome atakapotulia.

Nilipomaliza masomo nikiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nilijiandikisha kwa wakala anayepeleka vijana nchi za nje kufanya kazi za kujitolea, nikalipa ada aliyoitaka, nikapangiwa wiki sita katika kituo cha kulelea watoto yatima. Nchi sitaitaja na kituo sitakitaja, kwa kuwa watoto niliowaacha pale bado ni watoto na hakuna aliyeniruhusu kuwaanika. Sikuwa mwalimu wala muuguzi, na lugha yao sikuijua. Nilichokuwa nacho ni moyo, begi la penseli za rangi, na imani kwamba mtoto maskini amekosa mtu wa kumpenda. Imani hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia, maana niliiacha hukohuko.

Siku ya kwanza nilishuka garini, na kabla sijaweka begi chini watoto walikuwa wamekwisha kunizunguka. Mmoja alinishika mkono, mwingine akanirukia mgongoni, na nilipoketi, binti wa miaka minne hivi akajipandisha mapajani pangu na kujilaza kifuani kama mtu aliyenijua tangu kuzaliwa. Usiku ule niliwaandikia watu wa nyumbani kwamba sijawahi kupendwa namna ile. Naomba msomaji aikumbuke sentensi hiyo, kwa kuwa nitairudia nikiwa na haya.

Katika wiki ya tatu alikuja mwanamke mmoja na kifurushi mkononi. Alisimama nje ya lango, hakuingia mpaka alipoitwa, na watoto wawili kati ya wale tuliowaita yatima wakamkimbilia wakimwita kwa neno ambalo hata mimi, kwa lugha niliyookota kwa wiki mbili, nililielewa. Alikuwa mama yao. Baadaye mfanyakazi wa kituo alinieleza, bila kuficha na bila kuona ajabu yoyote, kwamba wengi wa watoto wale walikuwa na angalau mzazi mmoja aliye hai, na kwamba wazazi hao waliishi mwendo wa saa chache kutoka pale. Nilimwomba anitafsirie, nikamwuliza yule mama kwa nini hakai na wanawe. Jibu lake lilikuwa fupi: "Hapa wanasoma." Shule ya kijijini kwake haikudai ada, lakini ilidai sare, viatu, madaftari na michango isiyokwisha, na yeye alikuwa na watoto watatu na kibarua cha msimu. Usiku huo nilipiga hesabu. Fedha niliyomlipa wakala kwa wiki sita ingewasomesha wanawe wote watatu kwa takriban miaka minne, wakilala kwao na kuamka kwao.

Nikaanza kusoma, na nilianza na neno lenyewe. Katika Kiswahili chetu mtoto aliyefiwa na baba peke yake huitwa yatima, na hakuna kosa katika matumizi hayo, ila takwimu za kimataifa nazo huhesabu kwa namna inayokaribiana na hiyo. UNICEF humhesabu kuwa yatima mtoto yeyote wa chini ya miaka 18 aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili, na kwa hesabu hiyo ilikadiria kwamba mwaka 2015 dunia ilikuwa na yatima karibu milioni 140. Waliofiwa na wazazi wote wawili walikuwa milioni 15.1, yaani takriban mmoja kati ya tisa. Walio wengi katika hao milioni 140 walikuwa wakiishi na mzazi aliyebaki, bibi, babu au ndugu mwingine. Bango la kuomba michango huandika ile namba kubwa, na msomaji huona akilini mwake watoto milioni 140 wasio na mtu duniani. Mimi niliona hivyohivyo, na kwa picha hiyo nikakata tiketi.

Kisha nikasoma habari za Kambodia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na wizara ya ustawi wa jamii ya nchi hiyo pamoja na UNICEF ulionyesha kwamba kati ya mwaka 2005 na 2010 idadi ya vituo vya watoto iliongezeka kwa asilimia 75, na kwamba watoto watatu kati ya kila wanne waliokuwa humo walikuwa na mzazi mmoja au wote wawili hai. Katika miaka hiyo nchi haikuwa na vita vikubwa wala tauni iliyowamaliza wazazi. Kilichoongezeka ni wageni: watalii wapatao milioni 1.4 mwaka 2005, na takriban milioni 2.5 mwaka 2010. Nchini Nepal, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1996 hadi 2006, mawakala walipanda hadi wilaya za mbali milimani kama Humla, wakawaahidi wazazi kwamba watoto wao wangepata elimu na usalama mjini, wakalipwa na wazazi hao kwa huduma hiyo, na baadhi ya watoto wakaishia katika vituo vya Kathmandu wakitambulishwa kwa wageni kuwa yatima. Vita vilipokwisha, vituo havikufungwa. Hadi leo vimejazana zaidi katika maeneo ambayo watalii hufika, kama bonde la Kathmandu na Pokhara, wala si katika wilaya zilizo maskini kuliko zote.

Mwenye kuelewa biashara ataona utaratibu wake upesi. Mgeni anayelipa ili akae na watoto hulipa kwa sababu watoto wapo. Kituo chenye watoto wachache hakipati wageni, na kituo kinachowarudisha watoto kwao hujinyima mapato, hivyo kitanda kikibaki wazi lazima kipate mtu wa kukilalia. Watoto wakionekana wameshiba sana na kuvaa vizuri, huruma ya mgeni hupungua, na mchango hupungua nayo. Nami niliyejiona kuwa msaada nilikuwa mteja.

Sasa narudi kwenye ile sentensi niliyoandika usiku wa kwanza. Baada ya utawala wa Ceaușescu kuanguka nchini Romania mwezi Desemba 1989, dunia iligundua zaidi ya watoto 100,000 waliokuwa wakiishi katika taasisi za serikali, wengi wao wakiwa wameachwa na wazazi maskini waliolazimishwa kuzaa na sheria ya mwaka 1966 iliyopiga marufuku utoaji mimba. Mwaka 2000 watafiti walianza kazi mjini Bucharest na watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika taasisi hizo. Kwa kura, nusu yao walipelekwa kwa familia za malezi ya kambo na nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya wakati huo. Waliobaki walikuwa nyuma katika akili na katika uwezo wa kushikamana na mlezi, na hata vipimo vya umeme wa ubongo vilionyesha tofauti. Waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili hivi ndio walioonyesha nafuu kubwa zaidi. Miongoni mwa tabia ambazo watafiti waliziona kwa watoto wa taasisi ni ile ya kumwendea mgeni yeyote bila kusita, kumkumbatia, na hata kuwa tayari kuondoka naye. Mtoto aliyezoea kulelewa na mtu mmoja kwa kawaida hujificha nyuma ya mlezi wake kwanza, akamchungulia mgeni, na huenda akalia.

Sisemi kwamba kila mtoto mchangamfu ana dosari. Nasema tu kwamba katika wiki zangu sita walipita pale vijana kumi na mmoja wa kujitolea, kila mmoja akibembeleza, akipiga picha, akiaga kwa machozi. Siku yangu ya kuondoka nilimtafuta yule binti wa miaka minne ili nimwage. Nilimkuta mapajani pa kijana aliyefika asubuhi hiyo. Hakulia, alinipungia mkono mara moja akageuka. Nakiri kwamba nilikasirika kidogo, kama mtu aliyedhulumiwa, na ilinichukua miezi kuona kwamba hasira ile ndiyo iliyoonyesha nilikuwa nimekwenda kutafuta nini.

Mchangiaji wa kwanza

Marahaba, mwanangu. Umeandika vizuri, lakini naomba usiwe mwepesi kuvunja nyumba ambayo hukulala ndani yake muda mrefu. Mimi nililelewa katika kituo tangu nikiwa na miaka sita hadi kumi na minane. Nilikula, nilisoma, nilitibiwa, na kazi ninayoifanya leo nisingeipata kama ningebaki kwa baba yangu ambaye alikuwa hai lakini hakuwa na kitu. Wageni walipokuja tulipewa nguo mpya na tukaimbishwa, kweli, na nyimbo zile nazikumbuka zote, hata zile ambazo ningependa kuzisahau. Hata hivyo, ni wageni haohao waliolipa karo yangu ya sekondari. Mtoto aliyelala na njaa usiku huu hana faida na utafiti wako wa Bucharest. Ungenishauri nini mimi wa miaka sita?

Mleta uzi

Mzee wangu, nashukuru sana, na nakubali kwamba wewe unaijua habari hii kwa mwili wako, mimi naijua kwa wiki sita na vitabu. Sitaki kupuuza chakula ulichokula wala karo uliyolipiwa. Swali langu ni dogo: kwa nini ilibidi utoke kwa baba yako ndipo ulipiwe? Mfadhili aliyeweza kulipia kitanda chako, chakula chako, mshahara wa mlezi, mlinzi na mhasibu wa kituo, angeweza kumpa baba yako sehemu ya fedha hizo ukasoma ukiwa kwake. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, iliyopitishwa mwaka 2009, inasema waziwazi kwamba umaskini peke yake usiwe kamwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake, na kwamba uchukuliwe kuwa dalili kuwa familia inahitaji kusaidiwa.

Tena tuangalie ukubwa wa jambo lenyewe. UNICEF na Benki ya Dunia zilikadiria kwamba mwaka 2022 watoto milioni 333 walikuwa wakiishi katika umaskini uliokithiri, kwa kipimo cha wakati huo cha dola 2.15 kwa mtu kwa siku. Watoto ni kama theluthi moja ya watu wote duniani, lakini walikuwa zaidi ya nusu ya maskini hao. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 kuhusu watoto wanaoishi katika taasisi yalikuwa karibu milioni 5.4, na hata kwa wanaokadiria juu zaidi hawafiki milioni 10. Kwa hiyo umaskini wa watoto, karibu wote, unakaa majumbani, na maskini ni kaya nzima: mama ni maskini, bibi ni maskini, na mtoto ni maskini kwa sababu wao ni maskini. Mgeni mwenye kamera haingii katika nyumba hizo kwa kuwa hazina kibao barabarani.

Na njia ya kuzifikia imekwisha kujaribiwa. Meksiko ilianza mwaka 1997 mpango ulioitwa Progresa, uliowapa akina mama wa kaya maskini fedha kwa sharti kwamba watoto wahudhurie shule na kliniki. Sehemu ya vijiji ilichaguliwa kwa kura kuanza mapema ili matokeo yapimwe kwa haki, na mahudhurio ya sekondari yalipanda, hasa kwa wasichana. Afrika Kusini ilianzisha ruzuku ya watoto mwaka 1998 kwa walio chini ya miaka saba, ikaongeza umri hatua kwa hatua hadi miaka 18, na sasa inawafikia watoto zaidi ya milioni 12, fedha ikipokewa na mtu anayemlea mtoto, awe mama, bibi au mtu mwingine.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa Jamaika, kwa sababu unaeleza kile nilichodhani nakwenda kukifanya. Mjini Kingston, katika miaka ya 1986 na 1987, watafiti waliwachukua watoto 129 wenye udumavu, wa umri wa kati ya miezi 9 na 24. Kwa baadhi yao, mhudumu wa afya wa mtaani alifika nyumbani mara moja kwa wiki, kwa saa moja, kwa miaka miwili. Alileta vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa makopo na vipande vya vitambaa, na kazi yake kuu ilikuwa kumwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe, kisha akaondoka, akamwacha mama aendelee. Miaka ishirini baadaye wale waliotembelewa walikuwa wakipata kipato kinachozidi kile cha wenzao kwa asilimia 25. Mimi nilicheza na watoto kwa saa nane kila siku na hakuna mama hata mmoja niliyemfundisha kitu, wala sikuwa na cha kumfundisha, na nilipoondoka mchezo uliondoka nami.

Mchangiaji wa pili

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii kwa miaka mingi, na nimewahi kuwarudisha watoto kwao. Naunga mkono hoja ya mleta uzi, ila nina angalizo kwa vijana wanaosoma hapa na kutaka vituo vyote vifungwe kesho. Mtoto aliyekaa kituoni miaka mitano harudishwi kwa kupakiwa kwenye gari. Kwanza huwatafuta ndugu, na wakati mwingine jina la kijiji lililo katika faili si la kweli. Kisha lazima ujue kwa nini aliondoka, kwa maana wapo walioondolewa kwa sababu ya kipigo au unyanyasaji, na kumrudisha mtoto wa namna hiyo ni kumtupa. Halafu kuna ziara za kuzoeshana, kuna kaka na dada ambao hawamjui, kuna lugha aliyoisahau. Na baada ya hapo kaya inahitaji kusaidiwa na kutembelewa kwa muda, la sivyo baada ya mwaka mtoto atarudi kituoni au barabarani. Vituo nilivyoona vikifaulu ni vile vilivyoacha vitanda vikabaki na jiko, darasa la jioni na mtu wa kushauri wazazi, na watoto wakarudi kwao jioni. Mfadhili wa kituo cha namna hiyo hapati picha nzuri, na ndiyo maana fedha zake ni ngumu kupatikana.

Kuhusu mzee aliyechangia kwanza, nampa pole na hongera kwa pamoja. Kituo chake pengine kilikuwa kizuri. Tatizo ni kwamba mgeni wa wiki mbili hana namna ya kutofautisha kizuri na kibaya, kwa sababu vyote viwili humpokea kwa wimbo.

Mchangiaji wa tatu

Kaka, uzi wako umenikuta pabaya. Nimejiandikisha kwenda mwezi ujao, nimelipa malipo ya awali, na familia yangu imechanga. Sasa nifanyeje? Nikae nyumbani nijione mwema kwa kutofanya lolote?

Mleta uzi

Dada yangu, sikukatazi kusafiri, na sitaki uzi huu uwe kisingizio cha mtu kufunga mkono wake. Mwandikie wakala wako leo, umwulize mambo manne, kwa maandishi. Mwulize ni watoto wangapi katika kituo hicho wana mzazi au ndugu wa karibu aliye hai, na ni wangapi walirudishwa kwao mwaka uliopita. Mwulize katika ada unayolipa ni kiasi gani kinachobaki kwake, kiasi gani kinakwenda kituoni, na kama ipo sehemu yoyote inayoifikia familia. Mwulize watamkagua nani kabla ya kumruhusu kukaa na watoto, na kwa njia gani, kwa maana mimi sikuulizwa hata barua ya mwenyekiti wa mtaa, na mtu mwenye nia mbaya angepita palepale nilipopita. Mwisho, mwulize ni kazi gani utakayofanya ambayo mkazi wa pale, akilipwa, asingeweza kuifanya vizuri kuliko wewe.

Ujue pia kwamba si mimi peke yangu ninayesema haya. Mwezi Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu haki za mtoto ambalo lilitaja madhara ya utalii na kazi za kujitolea katika vituo vya yatima. Kabla yake Australia, ilipotunga sheria yake ya mwaka 2018 dhidi ya utumwa mamboleo, ilikuwa nchi ya kwanza kutambua kwamba kuwasafirisha watoto ili wajaze vituo ni sura mojawapo ya utumwa huo. Ukiwa na ujuzi wa kweli, iwe uhasibu, ufundi wa maji au uuguzi, zipo asasi zinazohitaji mtu wa kuwafundisha wafanyakazi wao bila kugusa watoto kabisa, na kazi hiyo haina picha ya kuweka mtandaoni. Kama huna ujuzi huo bado, kama nilivyokuwa mimi, fedha ulizochangiwa zina mahali pazuri pa kwenda kuliko kwenye tiketi yako, nawe unaweza kuwaeleza waliochanga sababu. Najua ni aibu. Mimi niliwaeleza wa kwangu nikiwa nimekwisha kurudi, na wengine hawakunielewa hadi leo.

Mchangiaji wa kwanza

Mwanangu, lile swali lako kuhusu baba yangu limenikalisha kimya siku mbili. Alikuwa fundi wa baiskeli. Alikuja kunitazama mara tatu katika miaka kumi na miwili, na mara zote tatu alisimama nje ya lango kama huyo mama wako. Nilidhani alikuwa anaona haya kwa sababu ya nguo zake. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba anaruhusiwa kuingia.

Mchangiaji wa tatu

Nimewaandikia wakala maswali yote manne kama ulivyoyapanga, kaka. Wamenijibu leo asubuhi kwa ukarimu mkubwa. Wameambatanisha picha sita za watoto, na wamenieleza kwamba salio la ada ninaweza kulilipa kwa awamu mbili.